Wateja Kumi na Mmoja

Saimi alikuwa na kazi yake ya kila asubuhi, na kazi hiyo haikujua Jumapili wala sikukuu: kuondoa theluji mbele ya duka la mikate la mama yake. Saa kumi na mbili na robo alivaa suruali ya baridi juu ya nguo za kulalia, akavuta kofia hadi kwenye nyusi, akashika beleshi pana na kutoka. Theluji ya mtaa wao wa Lielahti haina huruma. Unaisukuma leo mpaka kizingiti kinaonekana, kesho unaikuta imerudi pale pale, utadhani hukufanya kitu.

Ndani, mama yake, Outi, alikuwa anakanda unga wa skonzi za iliki. Taa ya jikoni iliwaka, lakini taa za dukani zilikuwa zimezimwa. Duka lilifunguliwa saa tatu, kama lilivyofunguliwa enzi za bibi yake Saimi, kwa ajili ya wazee wa mtaani ambao hupenda kukaa na kahawa yao bila haraka.

Mara tramu ikapita. Treni ile ndogo ya umeme, nyekundu, safi, imejaa watu waliokwenda kazini. Ilisimama kituoni, hatua thelathini tu kutoka dukani. Watu wakashuka, wakainamisha vichwa kwa sababu ya baridi, wakaenda zao. Hakuna hata mmoja aliyegeukia duka.

"Haya, piteni tu," Saimi alinong'ona kwa hasira, akilitupa rundo la theluji pembeni.

Alikuwa na haki ya kukasirika. Kwa miaka miwili barabara yao ilichimbwa kwa ajili ya reli hiyo. Kulikuwa na uzio, matope, na mashine zilizotikisa vikombe rafuni. Mafundi waliweka kibao kikubwa mbele ya duka: MLANGO UKO UANI. Nusu nzima ya wateja wakakata tamaa ya kuzunguka matopeni. Kila mtu akamwambia mama, "Vumilia, Outi. Tramu ikija, wateja watajaa mpaka utashindwa kuwahudumia." Basi tramu ilikuja baada ya mwaka mpya, uzio ukaondolewa, mlango wa mbele ukafunguliwa. Wiki tatu zikapita, na wateja walikuwa wale wale wazee wanane.

Kibao chenyewe bado kilikuwepo. Mama alipiga simu, akaambiwa mtu atakuja kukichukua, na hakuja mtu. Kukigusa yeye mwenyewe hakutaka hata kusikia.

"Si mali yetu," alisema. "Mwenyewe atakuja."

Jumapili iliyopita mwenye nyumba, Bwana Rantala, alipiga simu. Kuna mtu anataka kile chumba cha duka, akasema. Sasa reli imepita, kila mtu anataka chumba barabarani. Kama Outi anataka kuendelea, ni mkataba wa miaka miwili, na ampe jibu ifikapo Ijumaa ya wiki ya pili. Mama aliweka simu mezani akamwambia Saimi waziwazi, kwa sababu hakuwa mtu wa kuficha mambo.

"Nikitia saini halafu wateja wasije, tutaumia zaidi. Nadhani tutafunga, mwanangu."

Saimi hakulia. Alikwenda chumbani, akakaa kitandani, akajiambia kwamba duka la bibi halitafungwa. Namna gani, hakujua.

Jumatatu darasani, Mwalimu Lampela aliandika ubaoni: *Reli imeuletea nini mji wetu?* Kisha akakaa juu ya meza yake, kama kawaida yake, akasubiri.

"Imemletea baba yangu kazi," alisema Eelis, jirani yake Saimi, mvulana mwenye mdomo usiojua kupumzika. "Alitandika reli, sasa anazikarabati. Tumenunua na friji mpya."

"Nyumba," alisema mwingine. "Kule kwenye kiwanda cha zamani wanajenga maghorofa. Dada yangu amepata chumba huko."

"Saimi?"

"Sisi imetuletea matope," Saimi alijibu. "Na kibao."

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. Alimtazama kidogo, kisha akasema, "Hilo nalo ni jibu. Lakini ni jibu la jana. Kila mmoja achague mahali kando ya reli, akae hapo asubuhi tatu, saa nzima. Mtaandika mlichokiona. Msiniletee mawazo yenu, nileteeni mlichokiona. Ijumaa tutasomeana."

Saimi hakuwa na haja ya kuchagua. Jumatano asubuhi, baada ya kuondoa theluji, alisimama kituoni akiwa na daftari na kalamu ya risasi, maana ya wino huganda. Siku hiyo alitazama tu. Walishuka watu sitini na wanne: wauguzi wa nyumba ya wazee, wajenzi wenye kofia ngumu mkononi, wanafunzi wa chuo. Aliona jambo ambalo hakuwahi kuliona akiwa na beleshi mkononi. Watu hawakupita bila kulitazama duka. Walisimama kidogo, wakanusa, wakaangalia mwanga wa jikoni, wakasoma kibao, halafu wakaondoka.

"Ala!" Saimi alijisemea.

Kuona ni kitu kimoja, na kuuliza ni kitu kingine. Lielahti mtu akisimama kituoni husimama hatua mbili kutoka kwa mwenzake, hutazama mbele, na hufunga mdomo. Hiyo ndiyo adabu. Kumsemesha mtu usiyemjua saa kumi na mbili na nusu asubuhi ni karibu sawa na kumkanyaga mguu. Alhamisi Saimi aliziacha tramu tatu zikapita huku akijifanya anaandika. Vidole vya miguu vilikufa ganzi. Mwishowe akakumbuka Ijumaa ya Bwana Rantala, akamfuata mwanamke mmoja mwenye koti refu la buluu.

"Samahani. Je... unapenda skonzi?"

Mwanamke alirudi nyuma hatua moja. Watu wawili walioshuka naye wakasogea kando pia, kwa usalama.

"Mtoto, umepotea?"

"Hapana. Naishi pale."

Mwanamke akatazama pale, na uso wake ukafunguka. "Pale kwenye harufu? Kumbe kuna watu! Harufu hiyo inanitesa kila siku, nafika kazini tumbo linanguruma. Nilidhani mmefunga. Kibao kinasema nizunguke uani, nikazunguka, nikakuta pipa la taka."

"Tunafungua saa tatu."

"Saa tatu mimi nimeshawaogesha wazee watano," mwanamke alisema. Jina lake lilikuwa Maaret. "Mngefungua saa kumi na mbili na nusu, ningekuwa mlangoni kwenu. Niandike."

Mjenzi mmoja, ambaye alikuwa amejifanya hasikii, akakohoa. "Na mimi niandike. Kahawa iwe kali."

Hadi Ijumaa asubuhi Saimi alikuwa amewauliza watu hamsini na watano. Wengine walitikisa kichwa, wengine walitazama simu zao mpaka akaondoka. Waliosema watakuja walikuwa kumi na mmoja. Alikwenda shule akiruka ruka.

"Kumi na moja?" Eelis aliangua kicheko wakati wa mapumziko. "Hiyo ni timu ya mpira, siyo biashara! Mama yako aamke saa tisa usiku kwa watu kumi na mmoja? Thubutu!"

Saimi akafunga daftari. Maneno yale yalimchoma kwa sababu nayo yalikuwa na ukweli ndani yake. Alimjua mama yake. Mama hangeamka saa tisa usiku kwa watu kumi na mmoja. Angemshukuru, angempapasa kichwa, na Ijumaa ya Bwana Rantala ingefika. Akatoa kalamu. Ile moja ya kwanza haikuhitaji kazi kubwa: mstari mdogo wa mshazari na mwingine wa kukata. Kumi na moja ikawa arobaini na moja.

Aliisoma hivyo darasani, na Mwalimu Lampela akasema, "Umefanya kazi kubwa, Saimi." Aliisoma hivyo na nyumbani.

"Arobaini na mmoja?" mama aliuliza. "Wamesema watakuja? Wenyewe kwa midomo yao?"

"Ndiyo, mama."

"Na kibao kinawafukuza?"

"Ndiyo." Hilo angalau lilikuwa kweli.

Mama alifungua droo, akachukua bisibisi, akatoka nje bila koti. Alifungua skrubu za kile kibao moja baada ya nyingine, akakibeba ndani, akakisimamisha nyuma ya mlango. Kisha akawapigia mafundi, akawaachia ujumbe mrefu wa kuomba radhi, akiwaeleza kibao chao kipo wapi na kwamba hakina hata mchubuko.

Jumatatu mama aliamka saa tisa usiku. Alioka skonzi hamsini, akachemsha birika mbili kubwa za kahawa, akawasha taa zote za dukani, akafunga aproni mpya. Saimi aliwahi kuondoa theluji, njia nzima mpaka kituoni. Saa kumi na mbili na nusu mlango ukafunguliwa. Akaja Maaret, akaja na yule mjenzi, wakaja wengine. Walikuwa tisa.

Jumanne mama alioka hamsini tena. "Labda jana walisahau," alisema. Wakaja kumi na mmoja.

Jioni ile trei mbili za skonzi zilikuwa juu ya meza ya jikoni, hazijaguswa. Mama alikuwa amekaa mbele yake akiwa na simu kando. Alikata kipande cha skonzi, akatafuna polepole, akakata kipande cha nyingine.

"Hebu onja," alimwambia Saimi. "Sema kweli. Iliki imezidi?"

"Hapana, mama. Ni tamu."

"Basi ni unga. Au ni mimi." Aliitazama mikono yake. "Watu wa hapa wakisema watakuja, huja. Hawasemi ili wakufurahishe. Arobaini na mmoja wamesema ndiyo, wamekuja kumi na mmoja. Thelathini wamesimama pale nje, wamenusa, wakaona bora waondoke. Bibi yako hakuwahi kufukuza watu thelathini maishani mwake. Nafikiri nimpigie Rantala leo, nisingoje Ijumaa."

Akanyoosha mkono kuichukua simu. Saimi aliona macho ya mama yamejaa maji, na mama yake hakuwa mtu wa kulia ovyo.

"Mama, usipige!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Hawakuwa arobaini na mmoja. Walikuwa kumi na mmoja. Niliandika nne mwenyewe. Niliogopa ungekataa."

Saimi alitamani ardhi ipasuke.

"Rudia," mama alisema.

Akarudia, akilia sasa, kamasi na machozi pamoja. Mama alisimama. Alikwenda dirishani, akageuka, na sauti yake ilitetemeka kwa hasira.

"Nimeamka saa tisa usiku siku mbili! Mgongo umekatika! Hayo ningekusamehe. Lakini nimekaa hapa tangu mchana nikidhani mikono yangu imesahau kazi. Unajua hilo lilivyoniuma? Unajua, Saimi?"

"Nisamehe, mama."

Mama alipiga hatua mbili huku, mbili kule. Kisha akasimama ghafla, kama mtu aliyekumbuka amesahau kitu jikoni, ingawa alikuwa jikoni.

"Ngoja. Waliosema ndiyo walikuwa wangapi kweli?"

"Kumi na mmoja."

"Na leo wamekuja wangapi?"

"Kumi na... mmoja."

Mama akaketi. "Wamekuja wote," alisema taratibu. "Wote, Saimi. Hakuna hata mmoja aliyenusa akaondoka. Na Maaret jana alichukua moja, leo amechukua sita, za wenzake kazini." Alianza kucheka huku bado amekasirika, na ni kicheko ambacho Saimi hakuwahi kukisikia. "Nilikuwa nafunga duka ambalo limempata kila mteja aliyeahidi! Kwa sababu ya nne yako!"

Akapangusa macho kwa aproni. "Kesho naoka ishirini na tano. Wewe utaenda shule, utasimama mbele ya darasa, utasema namba ya kweli. Ukirudi, utasugua trei zote hizi mpaka mwisho wa mwezi."

"Ndiyo, mama."

Kusimama mbele ya darasa kulikuwa kugumu kuliko kuwasemesha watu wote wa kituoni. Saimi aliisoma namba ya kweli, akaeleza alivyoibadilisha, akabaki anatazama viatu vyake. Wengine walinong'ona. Halafu Eelis akainua mkono, masikio yamemwiva kwa aibu.

"Mwalimu, mimi ndiye niliyemcheka. Nilisema ni timu ya mpira."

"Ulicheka, lakini kalamu alishika yeye," alisema Mwalimu Lampela. "Saimi, asante. Wiki iliyopita nilikusifu kwa namba isiyo ya kweli, leo nakusifu kwa kurudi. Kaa." Hakuongeza lolote, na Saimi alishukuru kwa hilo.

Siku hiyo ya Jumatano walikuwa wamekuja watu kumi na wanne. Eelis, bila kuambiwa na mtu, alimwambia baba yake, na Alhamisi mafundi watatu wa reli wakashuka na chupa zao za kahawa ili zijazwe. Wajenzi wa maghorofa walitaka kitu cha kushibisha, kwa hiyo mama akaongeza mikate midogo yenye wali ndani. Alhamisi walikuwa kumi na tisa. Ijumaa walifika ishirini na wawili, na skonzi ziliisha kabla ya saa mbili. Wazee wanane walipoingia saa tatu walilalamika kwamba duka lina kelele siku hizi, halafu wakakaa muda mrefu kuliko kawaida ili kuwatazama wageni.

Saa tisa mchana, Saimi akiwa anasugua trei, simu ikalia. Mama aliweka sauti isikike.

"Outi, ni Rantala. Nahitaji jibu. Yule jamaa yuko tayari kusaini leo."

"Jibu langu ni kwamba nabaki. Miaka miwili."

"Umepata wateja?" Mwenye nyumba alisikika ana mashaka. "Sitaki baada ya miezi mitatu uniambie umeshindwa. Ni wangapi hao wa tramu?"

Mama alimtazama Saimi, akamsogezea simu. "Anayehesabu ni binti yangu. Atakuambia."

Saimi alikauka. Mikono ilikuwa na povu. Alijua kwamba maneno yake ndiyo yanayopimwa sasa, na kwamba mtu wa upande wa pili hawezi kuona daftari. Hamsini lingekuwa neno zuri sana.

"Leo ni ishirini na wawili," alisema. "Jana kumi na tisa. Juzi kumi na wanne. Jumatatu walikuwa tisa tu."

Saimi aliisogelea simu zaidi.

"Yule jamaa ameniahidi wateja mia mbili kwa siku," Bwana Rantala alisema mwishowe. "Nilimuuliza amewahesabu lini, akacheka. Ishirini na wawili, ee? Tisa Jumatatu?" Walimsikia akivuta pumzi. "Haya. Outi, miaka miwili iliyopita umekaa kwenye matope hukunihangaisha hata siku moja. Nakuletea mkataba Jumatatu. Nitakuja na tramu, saa kumi na mbili na nusu. Nihifadhie skonzi."

Simu ilipokatika, mama na mtoto walitazamana, kisha Saimi akamrukia mama yake shingoni, povu na yote.

"Taratibu, utanivunja!" Mama alimshika mabega, akamweka mbele yake, na uso wake ukawa wa kazi tena. "Sikiliza, mwanangu. Nililaumu reli bure. Reli imefanya kazi yake: inaleta watu mlangoni kila asubuhi, na wataongezeka maghorofa yakiisha. Lakini haiwezi kuniamsha, wala haiwezi kuwauliza watu wanataka nini. Hiyo ilikuwa kazi yetu, na nilichelewa kuianza. Wewe uliianza, ukasimama kwenye baridi ukauliza, na nakushukuru. Ila ukiniletea namba, niletee hata ikiwa ndogo. Ndogo ya kweli naweza kuiokea mikate."

"Nimeelewa, mama."

"Umeelewa. Haya, trei bado nane."

Saimi akarudi kwenye sinki, akapandisha mikono ya sweta. Nje, tramu ikasimama, na wanawake wawili wakashuka wakibishana kama duka bado liko wazi. Mama alikuwa amekwisha kufika mlangoni.